Jibini ya mbuzi wa Mgeta, na kapu langu la kupikia

Maziwa yangu ya mbuzi hushuka Morogoro mjini kwa basi kutoka Mgeta, milimani Uluguru, kwenye dumu la lita tano lililojazwa mpaka mdomoni. Kujazwa huko si ukarimu wa mjomba peke yake. Dumu likiwa nusu, maziwa yanasukwasukwa kona zote za kutoka Nyandira mpaka Mlali, na kule kusukwasukwa kunapasua vipunje vya mafuta. Vikishapasuka, kimeng'enya kilichomo kwenye maziwa mabichi kinayavamia yale mafuta na kuachia asidi zinazotoa harufu ya beberu. Ndiyo maana huwa nabishana na wateja wangu wanaosema maziwa ya mbuzi yananuka. Walichokunywa ni maziwa yaliyosafiri vibaya, au yaliyokamuliwa beberu akiwa kafungwa hapohapo pembeni. Mbuzi jike akikamuliwa kwa usafi, maziwa yakawahi moto, hayana ubaya wowote.

Na kwa tahadhari zaidi mjomba anayachemsha kabisa kabla basi halijafika. Moto unakiua kile kimeng'enya, na unaua na mengine ambayo ni mabaya zaidi ya harufu. Nitayagusia.

Mbuzi wenyewe si hawa wa mishikaki. Mbuzi wetu wa asili maziwa yake yanamtosha mwanawe tu, ukimkamua unamwibia. Wale wa Mgeta wana damu ya Norwe. Waliletwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, wakapandishwa milimani Uluguru kwa sababu kule kuna baridi na mashamba ni ya mbogamboga, kwenye miteremko isiyoruhusu mnyama kuzurura. Mbuzi akiachiwa kwa jirani dakika kumi, kabichi zimekwisha na kesi iko kwa mwenyekiti. Kwa hiyo wanakaa bandani, banda limeinuliwa kwa nguzo, sakafu ni mbao zenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini kiende shambani. Akitunzwa vizuri anatoa lita moja, hata mbili kwa siku. Na kwa kuwa sisi Waluguru ukoo na ardhi tunavifuata kwa mama, banda liko kwa mjomba na mimi nina kamdomo kidogo ka kuulizia hayo maziwa bila kuonekana mdoezi.

Sasa hayo mabaya zaidi. Tafadhali msinywe maziwa mabichi ya mbuzi, na msiyagandishe mabichi, hata kama mtu amewaambia kwamba kuchemsha "kunaua virutubisho". Bruselosi, ule ugonjwa unaofanya mifugo itupe mimba, unaingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na jibini mbichi, na unaleta homa inayokwenda na kurudi, viungo vinauma, mtu anatibiwa malaria asiyo nayo. Askari wa Kiingereza waliokuwa Malta waliugua hivyo miaka na miaka. Daktari David Bruce alikipata kijidudu chenyewe mwaka 1887, lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi mpaka mwaka 1905, Themistocles Zammit, mtu wa hukohuko Malta, alipowapima mbuzi wazima wasio na dalili yoyote akakikuta kwenye damu yao. Mbuzi anaonekana mzima kabisa! Nyuzi 63 kwa nusu saa zinatosha, au nyuzi 72 kwa sekunde kumi na tano, lakini kama huna kipimajoto chemsha tu mpaka yapande, upate usingizi.

Jibini ninayotengeneza ni ya aina mbili, na ninayoipenda ni moja.

Ya kwanza ni ya haraka, ya ndimu. Unayapasha maziwa mpaka povu linaanza kupanda pembeni mwa sufuria, kama nyuzi 85 au 90 hivi. Unaepua, unatia maji ya ndimu taratibu, vijiko vitatu vya chakula kwa kila lita, unakoroga mara mbili tatu na mwiko, halafu unaacha. Hapo ndipo wengi wanaharibu, kwa kuendelea kukoroga kama wanapika uji. Acha dakika kumi. Utaona mabonge meupe yamejitenga na maji ya kijanikijani. Mimina kwenye kitambaa, chumvi kidogo, ning'iniza. Jibini hii haiyeyuki hata uikaange, inabaki na umbo lake, kwa hiyo ukiikata vipande na kuipitisha kwenye mafuta na vitunguu unapata mboga nzuri sana. Ni kavu kidogo lakini, na ndimu inasikika. Mgeni akija ghafla ndiyo hiyo.

Ya pili ndiyo jibini. Maziwa yakishachemka unayaacha yapoe mpaka ukitumbukiza kidole kilichonawishwa hukisikii moto wala baridi. Unachukua mtindi usio na sukari wala ladha, wa dukani au uliobaki wa juzi, vijiko vitatu kwa lita, unauvuruga kwanza na maziwa kidogo kwenye kikombe ili usiwe na madonge, unamimina, unakoroga, unafunika. Kuanzia hapo kazi yako imekwisha mpaka kesho asubuhi. Bakteria wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi, polepole, na asidi ikifika kiwango cha pH 4.6 ile protini iitwayo kaseini inashindwa kuelea, inashikana. Yanaganda kama maziwa mgando ya kawaida, na mpaka hapo ni maziwa mgando ya kawaida kweli. Ukiyaishia hapo na ugali utakuwa umekula vizuri.

Tofauti inakuja kwenye kuchuja. Usiyavuruge. Yachote kwa upawa, tabaka kwa tabaka, uyalaze kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa. Mimi ni fundi cherehani, vitambaa havinipi shida, ila nawaonya na kanga kuukuu: zinachuja rangi, na za mtumba ulizonunua jana zina dawa. Funga pembe nne, ning'iniza juu ya beseni mahali pa baridi, mchana kutwa au usiku kucha. Bonge la mbuzi ni laini kuliko la ng'ombe, ukilikamua kwa haraka linapenya kwenye kitambaa unabaki na maji meupe na hasira. Likidondosha lenyewe linabaki zito, laini, la kupaka. Halafu chumvi, gramu kama kumi hadi kumi na tano kwa kilo, na basi. Lita tano zinanipa kilo moja au inakaribia, kutegemea nimeliacha lidondoshe muda gani. Ni nyeupe pe, kwa sababu mbuzi ile rangi ya manjano inayotokana na majani yote anaigeuza kuwa vitamini A. Jibini yake haina umanjano wa ile ya ng'ombe.

Mtaniuliza kuhusu reneti, ile dawa ya kugandishia maziwa inayotoka kwenye tumbo la ndama. Matone machache kwenye hii ya pili yanaifanya ishikane vizuri zaidi, ndivyo Wafaransa wanavyofanya. Lakini maziwa yaliyochemshwa sana hayaitikii reneti vizuri, na mimi kuchemsha siachi, kwa hiyo siihangaikii.

Shida ya Morogoro ni joto, na wakati mwingine, Juni na Julai, ni baridi. Januari maziwa yanaganda kabla hujalala na kufika asubuhi yamechacha. Julai unaamka yako vilevile kama ulivyoyaacha. Ndipo linapoingia kapu.

Kapu langu ni la ukindu, kubwa, lile la kubebea mkaa zamani. Ndani nimeshona mito miwili kwa vipande vinavyobaki mezani kwangu, nimejaza mabaki ya pamba na nguo zilizokatwakatwa, mmoja wa kukalia sufuria na kuizungushia, mmoja wa kufunikia. Sufuria ikiingia humo inatunza joto ililonalo. Maziwa ya uvuguvugu yanabaki ya uvuguvugu usiku mzima wa Julai. Na Januari nalitumia kinyume, natumbukiza chupa ya maji ya baridi kutoka kwenye friji pembeni ya sufuria na kufunika.

Lakini kapu sikulishona kwa ajili ya jibini. Nililishona kwa ajili ya makande.

Makande hayana njia ya mkato. Mahindi yaliyokobolewa na maharage yanataka saa tatu, saa nne, na kwa jiko la mkaa hizo ni kopo kadhaa. Mkaa nao unatoka kwenye miti, na huku kwetu miti hiyo ni ya Uluguru na viunga vyake, milima ambayo mito yake inaulisha Ruvu, mto unaowanywesha Dar es Salaam. Kila mtu anayesifia "chakula cha moto mdogo" nataka nimuulize: moto mdogo wa nini, na kwa muda gani? Serikali ina mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania. Sawa, mtungi ninao. Lakini saa nne za gesi kwa ajili ya makande, fundi cherehani gani ana hesabu hiyo?

Kwa hiyo nalowesha usiku. Asubuhi naosha, natia maji mapya, nachemsha kwa nguvu kama dakika arobaini. Hapa sina mzaha: maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo haifi kwa joto la wastani, yanataka yatokote kwelikweli dakika kumi angalau. Ukiyatia kapuni bila kuyatokosha, tumbo litakuelezea. Yakishatokota natia sufuria kapuni na mfuniko wake bila kuufunua hata kidogo, nakaa kwenye cherehani. Mchana nayapasha tena yatokote kidogo, narudisha. Jioni yameiva, mahindi yamepasuka, maharage hayajavurugika kwa sababu hakuna aliyeyakoroga. Kilichobaki ni kukaanga vitunguu, nyanya na karoti, kuunganisha, kutia tui zito na chumvi, na kuacha yachemke mara moja.

Halafu jibini inamegwa juu yake mezani, si kwenye sufuria. Uchachu wake baridi na utamu wa tui la moto, nawaambia, mume wangu ambaye aliita kitu hiki "maziwa yaliyoharibika kwa makusudi" sasa anauliza dumu linakuja lini.

Yale maji yanayodondoka kwenye beseni msiyatie kwenye makande mabichi. Nimeona mtu anashauri hivyo. Uchachu unafanya ganda la maharage ligome kulainika, utapika mpaka kesho. Tia yakishaiva, au kandia chapati, zinakuwa laini ajabu, au kunywa ya baridi na chumvi kidogo. Kule Norwe walikotoka babu za mbuzi wetu, maji haya ndiyo mali. Wanayachemsha masaa mengi mpaka maji yote yaishe, sukari ya maziwa inaungua taratibu na kugeuka rangi ya kahawia, wanapata jibini tamu kama tofi inayokatwa vipande vyembamba. Mwaka 1863 mama mmoja wa bonde la Gudbrandsdalen, Anne Hov, akaanza kutia krimu humo, ndiyo inayouzwa mpaka leo. Nataka sana kuijaribu. Ila yanatakiwa maji matamu ya reneti, si yangu yaliyochacha, na inatakiwa kuni za Norwe.

Kuna chama cha Waitalia kinaitwa Slow Food, yaani chakula cha polepole, alikianzisha Carlo Petrini wa mji wa Bra baada ya watu kuchukia McDonald's kufunguliwa katikati ya Roma mwaka 1986. Ilani yao waliitia saini Paris mwaka 1989. Wamefanya mema. Kenya wamewasaidia Wapokoti kutangaza maziwa yao ya kwenye kibuyu, yanayogandishwa na kuchanganywa na majivu ya mti wa cromwo, ya ng'ombe au ya mbuzi, meusi kidogo na yana harufu ya moshi. Hilo nalipongeza, kwa sababu wale wazee hawakuhitaji kufundishwa, walihitaji soko. Ninachokataa ni hawa wa mitandaoni wanaoligeuza jambo kuwa anasa, kwamba kupika polepole ni kwa mtu mwenye nafasi, amevaa aproni ya kitani, anakoroga. Mimi napika polepole kwa sababu sina nafasi. Makande yanajipika kapuni, maziwa yanajigandisha, jibini inajichuja, na mimi nimemaliza sare tatu za shule.

Mambo ya mwisho kwa wanaotaka kuanza. Jibini ya mtindi inakaa kwenye friji siku tano, wiki moja ukiwa msafi kweli. Ukiifinyanga vibonge vidogo na kuvizamisha kwenye mafuta ya alizeti inavumilia zaidi kidogo, lakini iwe ndani ya friji daima, na msitie vitunguu saumu vibichi humo, mafuta na saumu vikikaa pamoja vinaweza kuzaa sumu. Msiwauzie watu kabla hamjaona taratibu za usalama wa chakula zinasemaje. Mkikosa maziwa ya mbuzi, ya ng'ombe yanafaa kwa njia zote mbili, ila ya boksi yaliyopitishwa kwenye moto mkali sana yanatoa jibini dhaifu. Na kama mna ndugu Mgeta, mwambieni ajaze dumu.