Cherehani ndiyo iliyonifundisha kufuga nge

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Wateja wangu ni wa aina mbili: wanaoleta kitambaa wenyewe ili wapate kumwona nge, na wanaomtuma mtoto huku wao wamesimama ng'ambo ya barabara. Mke wangu yuko kundi la pili, na kodi ya fremu analipa yeye.

Nge nilimpata kwa mjomba tulipokuwa tunachimba shimo la choo. Mweusi, magando mapana yenye wekundu, kama kaa aliyepotea njia ya baharini. Vitabu vya zamani vinamwita Pandinus cavimanus, siku hizi jina hilo la kisayansi wameligeuza kuwa Pandinoides cavimanus. Tangi ni la samaki, limepasuka kona, nililipata kwa bei ya soda na chapati kadhaa.

Ushauri sasa! Kila aliyeingia alikuwa daktari wa nge. Mmoja: mzungushie moto uone anavyojiuma mwenyewe afe. (Uongo. Joto linamkausha, anapapatika, watu wanaona amejichoma.) Mwingine, huyu aliyejiita mtaalamu, akasema mwekee mchanga mkavu na taa, nge ni mnyama wa jangwani. Nikabeba mchanga wa ujenzi. Wiki tatu nge anachimba, shimo linabomoka, anachimba, linabomoka, hadi nikamwonea huruma. Wa kwangu alitoka kwenye udongo wenye unyevu, sijui jangwa lilitoka wapi. Nikamwaga mchanga, nikajaza udongo wa shambani uliolowa kidogo, kina cha shibiri, na kipande cha gome juu. Usiku uleule alichimba handaki. Taa ya kuazima nikairudisha kwa mwenyewe.

Lakini kula, hapana. Namtupia mende, mende anapita juu ya mgongo wake, yeye amekaa mlangoni mwa handaki, magando juu, mkia umepinda, kama askari anayesubiri kupigwa. Nge anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo sikuogopa atakufa. Kilichoniudhi ni ile hasira ya kutwa nzima. Nikambadilishia mende kwa panzi. Wapi. Nikafunika kioo kwa gunia nikidhani ananiona.

Jumapili moja sikuwa na kazi, nimekaa tu nakunywa chai. Magando yakashuka. Akatoka, akamkamata panzi mbele yangu, akatafuna taratibu hadi chai ikapoa. Jumatatu nikashona: magando juu. Ndipo akili ikafunguka. Nikakanyaga pedali mara tatu nikaacha. Juu. Nikakaa kimya kama dakika tano. Chini. Nikakanyaga tena. Juu! Nilirudia mchezo huu asubuhi nzima na sare za watu zimelala mezani.

Nge ana macho mawili katikati ya mgongo wa mbele na mengine madogo pembeni, na bado haoni kitu cha maana zaidi ya mwanga na kivuli. Anasikia kwa miguu. Kwenye miguu ana nyufa ndogo na vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa ardhi, na miguu ikiwa minane, ule unaotikiswa kwanza unamwambia mdudu yuko upande gani. Mtafiti Philip Brownell aliandika habari hii mwaka 1977 baada ya kuchunguza nge wa mchangani wa jangwa la Mojave, Marekani. Mimi nilikuwa nimeweka tangi kwenye meza moja na cherehani. Kwake, kila mshono ulikuwa tembo anapita.

Nikahamishia tangi kwenye rafu ya ukutani, chini nikatandika sponji za mabega ya makoti zilizobaki. Usiku ule alikula mende wawili. (Mende wa nyumba iliyopuliziwa dawa usimpe kabisa.) Ukitaka kucheza naye kidogo, mpulizie kwa mrija kutoka mbali: magandoni ana vinyweleo vyembamba vinavyonasa upepo, atageuka kabla hujamaliza pumzi.

Halafu akaja kijana wa jirani na kopo la siagi. "Fundi, shikamoo, nimekuletea mtoto wa nge wako." Mdogo, rangi ya kahawia. Jirani mwenyewe akasisitiza: mweke na mama yake, watoto wa nge hupanda mgongoni. Hilo la mgongoni ni kweli, ila ni wale wachanga weupe, hadi wajivue gamba la kwanza. Nikasema nitaamua kesho, nikafunga kopo kwa kitambaa na lastiki.

Kesho kopo tupu.

Nilisubiri giza, nikaazima kwa wakala wa fedha za simu ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti. Nge anang'aa kijani-bluu chini yake, isipokuwa aliyetoka kujivua gamba muda huohuo. Nikazima taa, nikawasha tochi, fremu nzima ikawaka! Vipande vya tetroni, nyuzi nyeupe, kola, vyote vinang'aa kwa sababu ya dawa ya weupe ya kiwandani na ya sabuni. Nilipiga magoti kama saa nzima nikikimbiza nyuzi. Mwishowe, kwenye mkono wa shati jeupe la shule lililotundikwa, weupe wa bluu, na katikati yake alama ya kijani yenye mkia.

Nikamfunika kwa chupa pana ya kioo, kadibodi chini. Halafu nikambana polepole kwa sponji hadi akatulia kwenye kitako cha chupa, nikamtazama tumbo. Wa kwangu mkubwa, kati ya miguu ana kibamba cha pembe tano. Huyu pembe tatu, kama chaki yangu ya kukatia. Vile vitana viwili wanavyopapasia ardhi kunusa, vyake vilikuwa na meno mengi. Magando membamba kama kibano, mkia mnene. Mtoto wa nani! Huyu ni familia ya Buthidae, walikojaa nge wa sumu kali, na nilikuwa nimemfungia kwa lastiki ya sketi.

Alfajiri nilimpeleka kwenye mawe, mbali na nyumba za watu. Mwenye shati alilifuata mchana, akalivaa palepale, akasifia mikono ilivyokaa vizuri.