James Hong, mhandisi wa barabara aliyeigiza kwa miaka sabini

Wengi wetu huku Mbeya tumemwona James Hong bila kulijua jina lake. Waliokulia kwenye vibanda umiza vya Mwanjelwa huenda wanamkumbuka kama Lo Pan, yule mchawi mzee wa Big Trouble in Little China ya mwaka 1986, na watoto wao wanaisikia sauti yake kila wanapotazama Kung Fu Panda, kwani ndiye Bwana Ping, bata bukini muuza tambi aliyemlea Po, yule panda. Stelingi hutajwa kwa jina. Yeye, baada ya kuonekana katika kazi zaidi ya 400 za filamu na televisheni, bado huitwa "yule mzee wa Kichina". Naamini ni vigumu kumpata mwigizaji mwingine ambaye maisha yake yanawafaa zaidi vijana wa vikundi vyetu vya maigizo.

Alizaliwa Minneapolis, Marekani, tarehe 22 Februari 1929, wazazi wake wakiwa wametoka China. Sehemu ya utoto wake aliishi Hong Kong, kisha akarudi Marekani, na alipokua akasomea uhandisi wa ujenzi. Aliajiriwa na serikali ya wilaya ya Los Angeles kwenye kazi za barabara, huku akiigiza kila alipopata likizo. Mwaka 1954 alitokea katika kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Groucho Marx akiiga sauti za watu mashuhuri, akiwemo Groucho mwenyewe, na milango ikaanza kufunguka. Hatimaye akauacha uhandisi.

Milango hiyo, hata hivyo, ilikuwa myembamba. Mwaka 1957 alipata nafasi ya mtoto wa mpelelezi Charlie Chan katika tamthilia ya televisheni, lakini Charlie Chan, Mchina, aliigizwa na J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Hong amesimulia mwenyewe jinsi alivyochelewa kusema neno lake mara moja tu, Naish akamfokea mbele ya wote, na kazi ikaishia hapo. Zaidi ya hapo alipewa wahudumu, wafua nguo na majasusi. Ndipo mwaka 1965 yeye, mwigizaji Mako na wenzao wachache walipoanzisha East West Players, kikundi cha waigizaji wenye asili ya Asia, wakaonyesha mchezo wa Rashomon katika ukumbi wa chini ya kanisa jijini Los Angeles. Kikundi hicho kipo hadi leo.

Jambo hilo linanigusa kuliko heshima zote alizopewa baadaye. Kikundi ninachokiongoza hapa Mbeya hupoteza vijana karibu kila msimu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi za filamu na televisheni iko Dar es Salaam, na kijana akishasifiwa ukumbini hupanda basi. Siwalaumu, maana njaa ni njaa. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi huondoka kabla ya kuijua kazi, kila mmoja akitaka kuwa stelingi, ukimpa mtu nafasi ya mlinzi wa geti anakujibu, "Mwalimu, hapa mimi sionekani."

Kijana wa namna hiyo ningependa amtazame Hong katika Blade Runner ya mwaka 1982. Anaigiza Chew, fundi wa kutengeneza macho, ndani ya chumba chenye baridi kali, kwa dakika chache tu. Wavamizi, ambao ni watu bandia waliotengenezwa, wanapomvua koti la manyoya anatetemeka kwa hofu na kwa baridi, lakini anapoyaona macho ya mmoja wao anatambua kazi ya mikono yake, na fahari ya fundi inajitokeza usoni katikati ya woga. Hakuna hotuba pale, wala hakuna pigano. Yupo mtu mzima, mwenye historia yake, ambaye mwigizaji amemjenga kwa mistari michache aliyopewa.

Wapo wanaosema alipaswa kuzikataa zile nafasi za dharau. Hoja hiyo naiheshimu, lakini sikubaliani nayo, kwa sababu ujira wa nafasi hizo ndio uliomweka kazini, na huku akizifanya alishiriki kujenga jukwaa ambalo wenzake wangeweza kuigiza wafalme.

Heshima ilichelewa mno. Mwaka 2020 mwigizaji Daniel Dae Kim aliendesha mchango wa watu wa kawaida ili jina la Hong liwekwe kwenye njia ya nyota ya Hollywood, barabara yenye majina ya wasanii mashuhuri, na nyota hiyo ikazinduliwa Mei 2022, mwenyewe akiwa na miaka 93. Februari iliyofuata alisimama na wenzake wa filamu ya Everything Everywhere All at Once kupokea tuzo ya chama cha waigizaji, akawakumbusha waliohudhuria juu ya filamu ya The Good Earth ya mwaka 1937, ambayo wahusika wakuu wake, Wachina, waliigizwa na wazungu. Mwaka 2024, akiwa na miaka 95, alirudi tena kumsemea Bwana Ping katika sehemu ya nne ya Kung Fu Panda.