Bumu la siku 60 nililigawa kwa siku 75

Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya zamani. Bumu moja, yaani awamu moja ya fedha hiyo, ni la siku 60, kwa hiyo aliyepangiwa fedha yote anasaini 600,000. Ukilala hosteli ya chuo, hesabu ni nyepesi. Mimi nilikosa kitanda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaangukia gheto (chumba cha kupanga) Changanyikeni, jirani na chuo, na huko laki sita huonyesha udogo wake siku ya kwanza.

Chumba kilikuwa 80,000 kwa mwezi, tukakaa wawili. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mkononi, dalali akachukua ya mwezi mmoja. Sehemu yangu ikawa 240,000 ya kodi na 40,000 ya dalali, ikabaki 320,000. (Dalali anaweza kukwepwa: watafute wa mwaka wa tatu mwezi Julai, wakati wanafunga virago, uchukue chumba kutoka mikononi mwao.) Kabla ya kulipa uliza mambo mawili tu, maji yanatoka siku zipi na mita ya luku inahudumia vyumba vingapi. Mita ya vyumba sita yenye jirani mmoja wa friji na pasi itakula hela zako huku wewe una taa moja na laptop.

Kosa la wengi ni kugawa kiasi kilichobaki kwa 60, wakapata 5,333 na kujiona wako salama. Bumu la pili halina ahadi ya kuingia siku ya 61. Likichelewa wiki moja au mbili, ndiyo wiki hizo watu wanaishi kwa chai kavu. Gawa kwa 75 tangu mwanzo.

Halafu usigawe kwa siku kabla hujanunua chakula kikavu. Wiki ile ile bumu lilipoingia nilinunua mchele kilo 12, sembe kilo 10, maharage kilo 5, mafuta lita 3, sukari kilo 4, dagaa, chumvi na majani ya chai. Kwa bei nilizolipa sokoni ilifika kama 108,000. Ongeza gesi: mtungi mdogo wa kilo 6 ulitutosha wiki tano kwa watu wawili, hivyo ni kujaza mara mbili, sehemu yangu 24,000. Jumla 132,000, na tumbo lina uhakika wa mlo mmoja mzito kila siku mpaka siku ya 75.

Maharage ndiyo yanayomaliza mtungi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha chemsha kwenye sufuria yenye mfuniko uliokaa sawasawa. Muda wa jikoni unapungua sana. Chemsha ya siku mbili, si zaidi, maana kwa joto la Dar bila friji yanachacha. Yapashe moto asubuhi na jioni hadi yachemke kabisa, na usiyaunge yote kwa mkupuo: yaliyotiwa nyanya na nazi huharibika upesi kuliko yaliyochemshwa matupu. Mchele na unga uweke kwenye ndoo zenye mifuniko, la sivyo panya watakusaidia kugawa bajeti.

Zikabaki 188,000 kwa wiki karibu 11, yaani 17,000 kwa wiki. Niliipanga hivi: chakula cha mchana chuoni siku tatu, 2,500 kila siku, mboga, nyanya na vitunguu 4,000, bando 3,000, luku na maji 1,500. Elfu moja ya ziada inawekwa kando. Nauli haimo, kwa sababu kutoka Changanyikeni unatembea. Na ndiyo sababu ya kuchagua huko badala ya chumba cha bei ndogo kilicho mbali. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, siku tano, zinameza punguzo lote la kodi.

Hela ya wiki niliitoa Jumatatu. Ukiitoa Ijumaa inaishia Jumapili. Ikibaki yote kwenye simu, vifurushi na kutumiana vinaitafuna kidogo kidogo kwa makato.

Ile elfu moja ya kando ndiyo niliyoithamini kuliko zote. Kwa wiki 11 ni 11,000, na kazi yake ni fotokopi ya desa (notisi za masomo) na past pepa (mitihani ya miaka iliyopita) kipindi cha testi. Muhula ni wiki 17 ukijumlisha mitihani, na testi huwa zinaangukia wakati bumu limekwisha kwa waliogawa vibaya. Mtu mwenye njaa anaruka testi au anaingia bila past pepa, halafu anasema atafidia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Hesabu inamkataa. Kozi weki, yaani testi na asaimenti za muhula, ni alama 40, UE ni 60. B+ inaanzia 60, A inaanzia 70. Ukiingia na 28 mkononi, unahitaji 32 kati ya 60 kupata B+, na 42 kupata A. Ukiingia na 18, B+ peke yake inataka 42, na A inataka 52. Watu wa 52 kwenye UE ni wachache darasani, na wengi wao hawakuingia na 18.

Msuli, yaani kusoma kwa bidii, nao ugawe kwa uzito. Kozi ya krediti 12 inavuta GPA mara moja na nusu ya ile ya krediti 8, kwa hiyo si haki kuzipa usiku sawa. DS (Development Studies) wengi huidharau kwa kuwa ni ya kila mtu, ukumbi umejaa na spika hazisikiki nyuma. Fika dakika 20 kabla, ukae safu tano za mbele. Vinginevyo bora ubaki na desa. Grupu asaimenti zimalize siku tatu kabla, kwa sababu foleni ya kuprinti siku ya mwisho inazidi foleni ya kafteria. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 ina nafasi ya watu 2,100, lakini wakati wa UE viti vya karibu na soketi vinaisha asubuhi. Nenda na laptop iliyojaa chaji na kipande cha muhogo mfukoni.

Bumu la pili halina kodi, na hapo ndipo watu hununua simu. Toa 120,000 kwanza kabla ya kitu chochote, ndiyo sehemu yako ya kodi ya miezi mitatu. Kodi ya Novemba inaisha Aprili, na masomo yanafungwa Julai. Ukilipa tena miezi sita unamlipia mwenye nyumba likizo yako. Nenda kwake Machi, siyo Aprili, na hiyo 120,000 taslimu pamoja na ya mwenzako, uombe miezi mitatu. Akiona noti mezani mwezi mmoja kabla ya wakati, mara nyingi anakubali.