Yatokanayo, ile agenda tunayoirukaga

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani likizo nikakuta mkutano mkuu wa kijiji, nikasema ngoja na mimi nikae hapo chini ya mwembe nisikie. Ulitangazwa saa nne, akidi ikatimia saa saba hivi baada ya mtendaji wa kijiji kuwapigia simu wenyeviti wa vitongoji walete watu wao. Zikasomwa agenda: kufungua, muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo (yale tuliyoamua kikao kile, yamefikia wapi), mapato na matumizi, mengineyo. Kufika yatokanayo mwenyekiti akasema "hakuna, tuendelee".

Bibi mmoja akanyoosha mkono: "Mheshimiwa, na zahanati yetu je?"

Zahanati yenyewe ni boma. Tulichangishana tofali, tukapandisha mpaka lenta, tukaambiwa sasa halmashauri itapaua. Huu mwaka wa tatu na kuna mpapai umeota ndani, tena unazaa.

Sasa mimi nilichojifunza pale ni hiki, vikao vya kupandisha maombi tunavyo kibao. Sheria Namba 7 ya 1982 ya Tanzania, moja ya zile zilizorudisha serikali za mitaa baada ya kufutwa 1972, inataka mkutano mkuu ukae angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Tukiamua, muhtasari unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile WDC, mwenyekiti wake diwani na wenyeviti wetu wa vijiji ni wajumbe, kutoka hapo unaingia halmashauri kwa wataalamu na kamati za kudumu halafu baraza la madiwani, ambako hata mbunge ni mjumbe, kisha mkoani, TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), Hazina, mpaka Bunge la bajeti linalomaliza Juni. Kikao cha ushauri cha wilaya cha DC, mkuu wa wilaya, nacho kipo pembeni, kinashauri tu.

Umeona, karatasi inapanda ngazi zote hizo. Kushuka je? Hakuna barua inayorudi kijijini kusema ombi lenu limekatwa wapi na kwa nini. Kuna watu wawili tu wa kuturudishia jibu: mwenyekiti tuliyempigia kura na mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri, wote wanahudhuria kata, na hawa wawili wakiwa hawasalimiani (mnavijua vijiji vyetu) basi muhtasari unalala kwenye droo. Diwani ndo mwenye viti viwili, kata na baraza, yeye analiona ombi likikatwa kwa macho yake. Lakini tukimwona ni kwenye misiba, na msibani nani atauliza habari za bati.

Kwa hiyo jibu lina mlango mmoja tu rasmi, yatokanayo. Tukiiruka hiyo, kila mkutano tunaanza upya kama hatujawahi kuomba kitu.

Nirudi kwa bibi. Mwenyekiti akaahidi atauliza WDC ijayo, mtendaji akachukua kauntabuku akaanza kuandika. Bibi akasogea mpaka mezani akachungulia.

"Mwanangu, umeandika wapi hapo?"

"Mengineyo, bibi."

"Futa. Weka yatokanayo."

Akasimama palepale na fimbo yake mpaka kijana akafuta.