Namba 214 anaripoti

Kisa nimekitunga, ila mkonge ni ule ule wa Tanga, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Ingekufa na hiyo, mgongo wangu ungepona.

Hapa naitwa Namba 214. Sisi manamba hatuna majina. Bwana anasema yanamsumbua ulimi. Mbwa wake ana majina matatu, na yote anayatamka bila shida.

Jana nyapara alihesabu matita yangu. Kila tita majani 30. Moja akakuta lina 29, akanifutia siku nzima kwenye kipande, kadi yangu ya siku za kazi. Nikamwonyesha jani la 30: ncha yake ilikuwa imenasa pajani mwangu, damu inachuruzika mpaka kifundoni. Akachuchumaa, akalitazama kwa makini, akaandika: “Mali ya shamba imekutwa mwilini mwa mfanyakazi.”

Bwana alisomewa ripoti barazani, akinywa chai. Alisikitika kweli, kikombe kilitulia kabisa. Akaamuru jani lichomolewe taratibu, lisichanike, lioshwe damu, lipelekwe korona, kwenye mashine ya kutoa nyuzi.

Na mimi sikusahauliwa. Jioni posho yangu iliongezwa maharage kumi na moja. Nimeyahesabu mara mbili.