Duka la mishipi ya kuvulia Nairobi, saa za maji ya Kilifi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla sijawasha jiko naangalia karatasi niliyoibandika kando ya dirisha: jedwali la saa za maji kujaa na kupwa, yaani kushuka, la Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Naishi Umoja, na bahari iko karibu kilomita 480 kwa barabara kutoka hapa, lakini nauza vifaa vya uvuvi mjini na wateja wangu wengi huteremka Pwani wikendi. Leo ni Alhamisi, mwezi utakuwa mpevu kesho. Tumeingia siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida.

Saa mbili. Nafungua duka. Kazi ya kwanza ni rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, iliyoletwa juzi, mkono wake haugeuki. Naifungua: chumvi imeganda kwenye beringi, nyeupe kama unga wa sima uliokaukia sufuriani. Mwenyewe aliitoa baharini akaitia begini vivyo hivyo. Maji baridi yasiyo na chumvi, mswaki mkuukuu, kitambaa, halafu grisi. Inachukua saa nzima, na nikiisikia inazunguka tena bila kukwaruza moyo wangu hutulia.

Saa nne. Anaingia mzee mmoja na kijana wake. Jumamosi watakuwa Kilifi. Ananionyesha simu, amezungushia duara mwamba mmoja upande wa Takaungu.

"Nimeambiwa hapa ndipo penye samaki. Ni kweli?"

"Saa ngapi, mzee?"

Ananitazama kama sikumsikia. Swali hili nawauliza wote, na sitaacha kuliuliza. Mwambao wetu ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe: magenge yaliyoliwa na mawimbi chini, na mbele yake uwanda wa mwamba unaofunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwa hiyo duara lake moja lina mahali pawili. Palipo pakavu saa nne, saa kumi huwa pana maji ya kumzamisha mtu mzima.

Nachukua kipande cha boksi namchorea. Kwetu bamvua lina desturi yake: maji hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na kujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Maji yakipwa unaweza kutembea hadi ukingo wa nje, ukatupa mshipi kwenye maji ya kina, ukapata changu, au chewa ukibahatika. Yakijaa, uwanda hauna faida tena kwako. Panda gengeni, uvulie pale maji yanapogonga jiwe, na kolekole husogea karibu kufuata dagaa. Hilo ni la msimu huu wa kaskazi, upepo wa kaskazini. Kusi, ule wa kusini, likivuma, yale magenge yaliyoelekea bahari wazi siyapendekezi kwa mtu yeyote.

Kijana anauliza, "Si tutaona maji yakija?"

Hapo naweka kalamu chini. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama na mjomba kwenye ukingo wa nje, samaki wanakula, miguu yetu mikavu. Ukingo ule uko juu kuliko bonde lililo nyuma yake. Maji yalipita mlangoni, ule mwanya kwenye mwamba, yakajaza bonde nyuma yetu kimya kimya wakati sisi tunatazama mbele. Tulipogeuka, njia haikuwepo. Mjomba alinibeba mabegani, maji yakamfika kifuani, na mkondo ulikuwa ukimvuta kuelekea mlangoni. Hakusema neno mpaka tulipokanyaga mchanga. Kisha akaniambia: "Mwanangu, saa ya kwanza maji huja polepole ili uyazoee." Ni kweli kabisa. Katika saa ya tatu na ya nne, bahari hupanda karibu nusu ya kimo chake chote.

Mzee ananunua mshipi wa nailoni, ndoano, na chubwi kumi, vile vizito vya kuzamishia mshipi. Namfungia mfano mmoja: mshipi mkubwa unaohimili kilo 15, lakini chubwi inaning'inia kwa uzi mwembamba wa kilo 5. Mwamba ukiing'ang'ania, huo uzi ndio unaokatika. Ndoano na samaki vinarudi. Nawaambia pia wavae viatu vya kufunika vidole. Jiwe lile lina meno.

Saa saba. Ugali na sukuma kibandani, narudi.

Saa tisa. Vijana watatu wanataka kwenda Watamu kuvua. Nawaeleza kwamba ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya pale, iliyotengwa tangu 1968, hairuhusiwi kuvua kabisa. Wakipita Kuruwitu wakute tengefu ya wanakijiji, sehemu ya bahari waliyoifunga isivuliwe, waiheshimu vilevile. Mmoja amenuna. Bora anunie dukani kuliko kuwavunja moyo watu waliofunga bahari yao wenyewe ili samaki wazaliane.

Saa kumi. Nampigia mjomba huko Pwani. Upepo ni wa wastani, maji yamejaa hadi mizizi ya mkadi. Nalinganisha na jedwali: sawasawa.

Saa kumi na mbili na nusu. Niko kwenye matatu, Jogoo Road imesimama. Namwandikia yule mzee: "Jumamosi maji yatakupwa saa nne na robo hivi. Ingieni mwambani saa tatu. Saa tano muwe mmeshatoka, hata kama samaki wanakula. Alasiri, kuanzia saa nane, vulieni gengeni."

Anajibu kabla hatujafika Donholm: "Na hilo bonde la nyuma liko upande gani?"

Nafurahi mno kwa swali hilo. Namjibu: "Fikeni wakati wa kupwa, mkasimame na mvuvi wa pale awaonyeshe kwa kidole. Na kabla ya kutupa mshipi wa kwanza, geukeni mlitazame."