Ofa za Desemba na pesa ya kikoba

Kikoba chetu hapa Tabata kinavunjwa kila mwanzo wa Desemba. Mtu akishapokea mgao wake, kabla hata hajaufikisha nyumbani, swali ni lile lile: "Mama Neema, ninunue friji sasa hivi kwenye ofa au nisubiri?" Wananiuliza mimi kwa sababu nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye duka la vyombo vya umeme Kariakoo, nikiandika stoo na bei. Mwaka huu nimeona niliandike jibu, ili hata asiye kwenye kikoba chetu alipate.

Kwa friji, televisheni, jiko na mashine ya kufulia, ofa nyingi za Desemba hazimsaidii mnunuzi wa Kariakoo. Sisemi kwamba kila mwenye duka ni tapeli. Ninachosema ni kwamba sisi tuna punguzo letu tangu zamani, nalo linapatikana mdomoni. Unauliza bei, unashangaa, unataja yako, unaondoka hatua tatu, unaitwa. Ofa ikishabandikwa, hayo yote yanafungwa.

Wifi yangu ni mfano mzuri. Agosti tulikwenda naye kutazama friji la milango miwili. Bei ya kuanzia ilikuwa 720,000. Tukaongea, tukaongea, muuzaji akafika 680,000, akakubali kutupa na fridge guard, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukicheza, ya bure na kulipia kirikuu hadi Tabata. Wifi hakuwa na pesa mkononi siku ile, akaandika bei kwenye daftari. Mwishoni mwa Novemba akarudi duka lile lile kwa ajili ya Black Friday. Friji ni lile lile, ila sasa lina kadi nyekundu: 890,000 imekatwa mstari, chini yake 712,000, na maandishi makubwa ya punguzo la asilimia 20. Akaanza kuongea kama kawaida yetu. Kijana akamjibu kwa heshima zote, "Dada, hiyo ni bei ya ofa, haipungui." Fridge guard inauzwa peke yake, kirikuu utajitafutia mwenyewe. Yaani angelipa 32,000 zaidi ya Agosti, bado usafiri, huku kadi ikimwambia ameokoa 178,000.

Hiyo 890,000 imetoka wapi? Kazini kwetu stika za bei ya juu zilianza kubandikwa mwishoni mwa Oktoba, ili ifikapo siku ya ofa kuwe na kitu cha kukata mstari. Hakuna mteja aliyelipa bei ile. Jambo hili liliniuma wakati ule na linaniuma hadi leo, kwa sababu anayeumia ni mama aliyeweka hisa zake kila wiki mwaka mzima.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wameliwekea sheria. Tangu Mei 2022, duka likitangaza punguzo linatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa iliyotumika katika siku 30 zilizotangulia. Kuna kesi ya Ujerumani iliyofika hadi Mahakama ya Ulaya, na ilihusu ndizi. Duka la Aldi Süd lilitangaza ndizi kwa euro 1.29, limekata 1.69, punguzo asilimia 23, wakati ndani ya siku 30 zile ndizi zilishauzwa kwa hiyo hiyo 1.29. Septemba 2024 mahakama ikasema asilimia ya punguzo ihesabiwe kutoka ile bei ya chini kabisa. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Natamani sana na sisi tuwekewe kipimo cha siku namna hiyo. Ushahidi hauwezi kukosekana: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatakiwa kuonyesha bei ambayo mtu amelipa kweli, hata kama stika ilisema lingine.

Sasa usubiri hadi lini? Mimi nasema Januari, wiki ya pili au ya tatu. Waagizaji wengi wanajaza stoo kabla ya Desemba, maana viwanda vya China hufungwa kwa mwaka mpya wao, Januari au Februari. Desemba mwenye duka hana presha. Anajua vikoba vimevunjwa na watu wana pesa. Januari wateja wamekwenda kununua sare na madaftari, mzigo umebaki, na mwenye fremu anadai kodi yake. Hapo ukiingia asubuhi na pesa taslimu utasikilizwa. Wifi yangu ameweka mgao wake benki, na pesa ya shule ameitenga siku ile ile aliyoupokea, maana bila hivyo Januari ingeila yote.

Na tafadhali, dada zangu, asiwepo wa kukopa kausha damu ili kuwahi ofa. Ukikopa 300,000 ukarudisha 360,000 baada ya mwezi, punguzo lote limekwenda kwa aliyekukopesha.

Zipo ofa ninazozipenda. Biskuti, juisi na pempasi supamaketi, ukishasoma tarehe ya kuisha na ukijua zitatumika kabla ya hapo. Televisheni ya toleo lililopita, kama iko sawa. Na friji lililobonyea ubavuni: hilo muuzaji anataka liondoke kweli, na bei yake inashuka kweli. Omba liwashwe, kaa nalo mpaka uone linapoza. Kisha chukua noti, ibane kwenye mlango, funga, halafu ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umelegea, na friji hilo litakula LUKU yako kila siku. Rudia juu, katikati na chini, pande zote. Muuzaji akikasirika, nenda duka la pili.

Nguo za watoto Mtaa wa Kongo hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia, iwe Krismasi au Idi, halafu usiku wa mkesha zinashuka, kwa kuwa machinga hataki kurudi na mzigo. Lakini usiku ule saizi ya mwanao inaweza kuwa imekwisha, kwa hiyo mwenye watoto wengi anunue Oktoba. Mchele nao usingoje ofa ya Desemba. Kyela wanavuna katikati ya mwaka. Mkichanga watu watatu mkanunua gunia mwezi Julai, mtakula pilau la Krismasi kwa bei ya mavuno.